Des Halkett na Kamba ya Dunnet

Des Halkett ni fundi wa matrekta mjini Fairlie, huku kusini mwa dunia, na ukimsikia akifanya kazi utadhani anagombana na mama mkwe. Hulala chali chini ya mashine iliyokufa, miguu tu ikionekana nje, na kutoka huko chini hutoka sauti yake: "Haya, bibi kizee, usinitie aibu. Mwenyewe ananitazama. Waka basi." Mara nyingi huwaka. Wakulima wa bonde zima wanampenda kwa hilo, na wanampenda zaidi kwa kuwa hamuulizi mtu amelivunja vipi trekta lake. Des haulizi mambo. Hurekebisha, hunawa mikono kwa mafuta ya taa, hunywa chai, huondoka.

Nilipanga chumba cha uani kwake nilipokuja kufundisha shule ya hapo, nimetoka chuo na kichwa kimejaa moto, na ndiye aliyenipandisha Dunnet kwa mara ya kwanza.

Dunnet si mlima wa matajiri. Wanaotaka viti vya kupandia vinavyopashwa joto, na kahawa iliyochorwa moyo juu ya povu, waende Queenstown. Dunnet ni mlima wa klabu: nyumba moja ya mbao na mabati, vitanda vya ghorofa, chumba cha kukaushia soksi ambacho hakuna pua iliyowahi kukizoea, zamu za kuosha vyombo, na kamba. Kamba hiyo huzunguka mfululizo kutoka maegeshoni hadi mlangoni pa nyumba, na nyingine kutoka hapo hadi kileleni, ikipita juu ya makapi ya chuma, yale magurudumu ya kupitishia kamba, mbio kama farasi aliyeliona zizi. Kiunoni unafunga mkanda wenye koleo la chuma, ambalo wenyewe huliita kivunja-njugu kwa jinsi linavyofanana nacho. Skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji, zikiwa miguuni, unaishika kamba kwa mkono wa kushoto, unaiacha ikuvute mpaka mwendo wako na wake viwe kitu kimoja, kisha unalitupa koleo juu yake na kulibana. Ukichelewa, glavu inaungua. Ukiharakisha, unang'olewa kama jino.

Kwa hiyo kuna desturi. Hushiki kamba bila mtu nyuma yako wa kukutazama. Wa nyuma husimama mpaka wa mbele apite kapi la kwanza, ndipo naye ashike. Aliye wa mwisho kabisa hana wa kumtazama, basi kazi hiyo hupewa mwenye mikono imara kuliko wote. Miaka na miaka wa mwisho alikuwa Ewan Strang, mfugaji wa kondoo, na aliyekuwa mbele yake alikuwa Des. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wao wawili, pamoja na Glenys Waaka, ambaye enzi hizo alikuwa akiendesha basi la shule, ndio walioianzisha wiki ya Julai: kila mwaka, baridi ikiwa katikati yake, marafiki wa zamani wanapanda Dunnet kwa wiki moja, na lazima waje na sura mpya.

"Bila sura mpya," Glenys husema, "tutachachuka pamoja kama maziwa kwenye jagi."

Mwaka huu sura mpya tulikuwa wawili: mimi, na Fenella, binti yake Ewan. Ewan mwenyewe alikuwa hajaonekana Dunnet kwa miaka saba.

Habari ya kilichotokea sikuipata kwa Des. Niliipata kwa Glenys, siku ya pili ya safari, tukimenya viazi jikoni.

"Ilikuwa supu ya boga," alisema. "Ewan anapeleka bakuli mezani, nusu likamwagika. Des akapiga kelele, 'Jamani, mtafutieni bibi huyu mtu wa kumshikia bakuli!' Tukacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, mwalimu, tena kwa kelele. Ewan naye akacheka. Akasema, bibi ana kiu, mpeni bia."

"Na hakuna aliyejua?"

"Tungejulia wapi? Wiki hiyohiyo daktari alikuwa amemwambia ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Alipanda nayo huku kama jiwe mfukoni, anatafuta pa kulitua. Sisi tukamtania." Alikikata kile kiazi vipande vidogo kuliko ilivyohitajika. "Kesho yake asubuhi wako chini kwenye kamba, wamebaki wao wawili. Des akamwuliza, 'Uko sawa, mzee?' Ewan akasema, 'Ndiyo, hapana, niko sawa. Nenda tu.' Des akaenda. Alipofika juu akageuka kumtazama mwenzake, kamba inapanda tupu. Aliposhuka, gari la Ewan halipo. Koleo lake amelitundika kwenye msumari wa kibanda cha kamba. Liko pale mpaka leo, hakuna anayeligusa."

Ndiyo, hapana. Sisi wa kusini tunalinyonya neno hilo pamoja na maziwa ya mama. Ndiyo ni ya kukushukuru kwa kuuliza. Hapana ndiyo jibu lenyewe. Na niko sawa huongezwa ili uondoke na moyo mweupe. Kila mtu hapa anajua kwamba jibu la kwanza ni adabu tu. Kila mtu anajua, na kila mtu hulichukua lilivyo, kwa sababu linamfaa aliyeuliza kuliko aliyejibu. Nitasema wazi: nalichukia neno hilo. Nimewaona wavulana wa darasani kwangu, wa miaka tisa tu, mmoja kavunjika kidole kwenye raga, uso umekuwa mweupe kama chaki, na bado ananijibu hivyohivyo. Nani aliwafundisha? Wanaume wazuri, wema kabisa, kama Des.

Des alikuja kujua juu ya ugonjwa wa Ewan miaka miwili baadaye, Glenys alipomwambia. Ewan alikuwa ameshauza shamba na kuhamia Timaru. Hapo ndipo mtu angetegemea mwendo wa saa moja kwa gari, kubisha mlango, neno moja. Des hakwenda. Kila mwezi wa sita alikuwa na ujumbe wake wa simu: "Julai kama kawaida?" Aliendelea kuutuma vilevile, herufi kwa herufi, kana kwamba hajasikia kitu. Na Ewan alijibu vilevile: "Ndiyo, hapana. Wasalimie."

Kisha mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, Fenella alimpigia Des simu. Alikuwa amerudi kutoka Melbourne kumsaidia baba yake kufunga mizigo.

"Baba hatasema, kwa hiyo nasema mimi," alimwambia. "Nafasi yake kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, Invercargill, karibu na dada yangu, itafunguka mwezi wa nane. Kama unataka apande Dunnet tena, ni Julai hii. Baada ya hapo sidhani ataweza safari."

Wikiendi iliyofuata Des alilifungua banda la klabu ambamo trekta la theluji, lile la minyororo, lilikuwa limekufa kwa misimu kadhaa. Majira yote ya kupukutika majani alikuwa humo. Nilimshikia taa mara kwa mara. Aliishusha injini, akaipandisha, akaishusha tena. Halafu siku moja nikamkuta anachomelea kiti cha gari nyuma ya kile cha dereva: kiti kipana cha ngozi bandia ya rangi ya kahawia, chenye mkanda.

"Cha nani hicho?"

"Cha yeyote."

"Des."

"Cha mtu asiyeweza kushika kamba," alisema, akashusha kinyago cha kuchomelea usoni, na cheche zikaanza kuruka. Hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya Ewan Strang.

Ewan alikubali, lakini kwa namna yake. Fenella alituletea jibu: "Nitafika maegeshoni. Zaidi ya hapo, tutaona." Des alilishika hilo tutaona kwa mikono miwili. Alilirudia kila mara, akipaka grisi, akifunga minyororo, akipanga na Glenys nani akae wapi mezani. Glenys alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba huku kwetu tutaona haina ndugu wa karibu kuliko hapana.

Siku yenyewe ilikuwa ya sikukuu yetu ya katikati ya baridi. Krismasi ya Desemba hutukuta tumevaa kaptura, nzi wamejaa kwenye nyama, kwa hiyo Julai tunaila nyingine kwa haki yake: mguu wa kondoo wa kuoka, viazi vitamu ambavyo huku huitwa kumara, njegere, pudingi, na mataji ya karatasi kichwani. Na supu ya boga, maana Glenys hupika supu ya boga kila mwaka, na kuiacha mwaka huo kungekuwa kuitangaza. Fenella alikuwa ameondoka asubuhi kumchukua baba yake. Tulikuwa ndio tunaketi mezani alipopiga simu kwamba wamefika maegeshoni.

Des alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma.

"Kula kwanza," mtu alisema.

"Nitakula naye."

Glenys alifunga sahani mbili kwa karatasi ya foili, akajaza supu kwenye chupa ya chai, akanipa mimi nibebe. "Nenda naye," aliniambia kwa sauti ya chini. "Akianza kuzungumza juu ya hali ya hewa, mkanyage mguu."

Trekta liliwaka mara ya kwanza. Tulishuka nalo polepole kando ya kamba, minyororo ikilia, Des ameushika usukani kama anayeendesha lori la mayai. Nyuma yetu kile kiti cha kahawia kilikuwa kimefutwa mpaka kinang'aa, na juu yake kulikuwa na blanketi lililokunjwa vizuri.

Gari la Fenella lilikuwa limeegeshwa pembeni, pua ikitazama mlima. Juu ya bati lake kea mmoja alikuwa kazini. Kasuku hao wa mlimani hawana adabu, huachi gari bila wao kung'oa mpira wa dirisha. Fenella alikuwa akimpiga kwa kofia bila mafanikio. Ewan alikuwa kwenye kiti cha mbele, dirisha limeshushwa, blanketi hadi kifuani. Nilimjua kwa picha iliyoko ukutani mwa nyumba ya klabu, na haikunisaidia sana.

Des alikwenda akasimama dirishani. Wakatazamana.

"Umevaa nini kichwani?" Ewan aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi usogee.

Des alipapasa kichwa, akakuta lile taji la karatasi la kijani. "Taji."

"Limekukaa. Mfalme wa wapumbavu."

"Na wewe umenenepa."

"Mwongo wewe. Nimebaki mifupa."

"Nimeona. Nilikuwa nakupaka mafuta."

Ewan alicheka, au uso wake ulifanya kile kilichokuwa kimebaki cha kucheka. Kisha macho yake yakaenda kwenye trekta, yakakaa hapo.

"Kile ni kiti cha Holden yangu."

"Ndicho."

"Nilikuuzia ile gari kama chuma chakavu."

"Kiti kilikuwa kizima," Des alisema. "Tulipandia huku kwa kiti hicho. Nikaona..." Akakohoa. "Glenys ameoka kondoo. Nitaendesha taratibu, hutasikia hata tuta moja. Twende, mzee. Watu wanakungoja."

"Ndiyo, hapana," Ewan alisema. "Niko sawa hapa."

Nilingoja. Niliujua mwendo wake: sasa Des angesema haya basi, angelipigapiga bati la gari kwa kiganja, angegeuka. Niliuona mkono wake unakwenda kweli kwenye bati. Ukaishia njiani.

"Hapana ipi?" alisema.

"Unaijua."

"Siijui. Niambie."

Kea alishuka kwenye kioo cha mbele, akaanza kuvuta kifagio cha mvua. Hakuna aliyemfukuza. Ewan alitoa mkono wa kulia chini ya blanketi, akauweka juu ya ukingo wa dirisha, wazi, mbele ya macho yetu sote. Ulitetemeka pale, ukigonga bati kwa mlio mdogo usiokoma.

"Glenys amepika supu gani?" aliuliza.

Masikio ya Des yakawa mekundu. "Ya boga."

"Ya boga. Des, asubuhi ile uliniuliza kama niko sawa."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza huku umeshika kamba."

Des aliutazama mkono wake wa kushoto.

"Nilikuwa nimejipanga," Ewan aliendelea, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Nililala nikilipanga neno lenyewe. Nikajisemea, akinigeukia nitamwambia, nitamwambia yeye kabla ya mke wangu. Ukageuza shingo. Shingo tu, bwana wewe. Mkono ulikuwa umeshaondoka."

Fenella alikuwa ametupa macho kwenye theluji. Nami nilikuwa nimeshika sahani mbili za chakula kinachopoa, na hasira zangu zote za kuandaa, zile hotuba nilizokuwa nikizitunga juu ya wanaume wa nchi hii, hazikuwa na mahali pa kukaa.

"Pole," Des alisema. Ilitoka kavu, kama boliti yenye kutu inayoachia. "Pole kwa lile la supu. Na kwa kamba. Na nilipojua, nikaendelea kukuandikia Julai kama kawaida. Pole kwa hilo zaidi."

"Ndiyo," Ewan alisema.

Sote tulingoja neno la pili. Halikuja. Ilikuwa ndiyo peke yake, imekaa hapo hewani bila mwenzake.

"Basi twende," Des alisema, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. "Nikubebe mwenyewe mpaka kitini. Hakuna atakayekutazama, nitawaambia wote wageuke ukutani, hata Glenys."

"Ungeniambia hivyo mwaka ule ningepanda. Hata mwaka juzi. Mwaka juzi ungenifunga mgongoni kama mfuko wa mbolea, ningepanda nikiimba." Alipumzika. "Sasa sitaki, rafiki yangu. Nimechoka. Nimekuja kuutazama mlima, nimeutazama. Sasa nipe hiyo supu kabla haijapoa, na usinishikie bakuli."

Lakini ilibidi amshikie. Des aliingia upande wa dereva, akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akakishika chini ya kidevu cha mwenzake, na Ewan akanywa hivyo, matone mawili matatu yakiangukia blanketi, na hakuna aliyesema neno juu ya matone. Nyama ya kondoo hawakuigusa. Walizungumza juu ya mwalimu wao wa darasa la tatu aliyeogopa kuku. Walizungumza hata juu ya hali ya hewa, na sikumkanyaga Des mguu.

Jua lilipoanza kujificha nyuma ya mgongo wa mlima Fenella alisema wanapaswa kuondoka kabla barabara haijaganda.

"Koleo langu bado lipo?" Ewan aliuliza ghafla.

Des alikwenda kwenye kibanda cha kamba, akarudi nalo. Alikuwa amelipangusa kwa shati lake. Akaliweka mapajani pa Ewan, na Ewan akalifunika kwa mikono yote miwili, likatulia, nayo mikono ikatulia kidogo.

"Invercargill kuna kamba?" Des aliuliza.

"Kuna njugu," Ewan alisema.

Gari liliteremka likipinda na barabara, minyororo ya magurudumu ikilia, kea akilifuata angani mpaka kona ya pili. Des alisimama mpaka sauti ikaisha, kisha akaendelea kusimama. Lile taji lilikuwa bado kichwani.

"Nitalirudisha trekta?" nilimwuliza.

"Liache hapa."

"Theluji italifunika."

"Liache."

Kwa hiyo ilikuwa tupande kwa kamba. Skii za akiba zilikuwa kibandani. Nilijifunga mkanda, nikachukua koleo mojawapo. Des alinionyesha kwa kidevu nitangulie. Yeye atakuwa nyuma, yeye atakuwa wa mwisho. Ule msumari ukutani ulikuwa mtupu, na ubao nyuma yake ulikuwa na alama ya koleo, nyeupe kuliko ubao uliobaki.

Nilisogea, nikanyoosha mkono wa kushoto. Kamba ilikuwa ikipita kwenye kiganja changu, ikiipasha joto glavu. Nikageuza shingo.

"Uko sawa, Des?"

"Ndiyo, hapana, niko sawa. Nenda tu."

Nikautazama mkono wangu. Nikaiachia kamba. Nikazivua skii, nikazichomeka kwenye theluji, nikarudi mpaka mahali aliposimama, na nikamwuliza tena, nikiwa nimemkabili, mikono yangu haina kitu.

Des alikwenda kwenye trekta, akapanda nyuma, akaketi kwenye kile kiti cha Holden. Akalifungua blanketi lililokunjwa, akalitandaza magotini. Akafunga mkanda, kama abiria anayengoja mwenye gari. Nilikaa kwenye mnyororo chini yake, na kamba ikaendelea kupanda tupu mbele yetu, mpaka Glenys, huko juu, akaizima.